Pumzi Kwanza, Mwendo Baadaye

Gari la wagonjwa lipitapo barabarani likipiga king'ora, magari mengine hujitenga kando na watu husimama wakilitazama. Kila mtu huamini kwamba uhai wa aliyemo ndani wategemea mwendo wa gari. Imani hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mgonjwa aliyepoteza fahamu aweza kufikishwa hospitalini kwa dakika ishirini, naye akawa ameharibika ubongo tangu dakika ya sita, kwa sababu tu ulimi wake uliziba njia ya hewa na hapakuwa na mtu wa kuifungua. Mwendo wa gari, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kufidia upungufu huo.

Hoja ya makala haya ni moja. Kumsafirisha mgonjwa mahututi ni kazi ya kulinda pumzi kwanza, na kazi ya kukimbia baadaye. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya elimu inayohitajika kwa kazi hiyo imo tayari katika masomo ya biolojia na fizikia ya shule za sekondari. Kinachokosekana ni hatua ya kuitoa elimu hiyo ubaoni na kuitia mikononi mwa wanafunzi.

Akiba iliyo ndogo kuliko zote

Mwili wa binadamu huweka akiba ya chakula ya kutosha majuma kadhaa, na akiba ya maji ya kutosha siku chache. Akiba ya oksijeni ni ya dakika tu. Mtu mzima aliyetulia hutumia kiasi cha mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Baada ya kutoa pumzi ya kawaida, mapafu yake hubaki na hewa ipatayo lita mbili na nusu; lakini katika hewa hiyo oksijeni ni kiasi cha theluthi moja ya lita. Ukigawanya akiba hiyo kwa matumizi, utaona kwamba yatosha kwa dakika moja na ushei. Damu nayo hubeba oksijeni katika himoglobini, lakini haiwezi kukamuliwa yote bila ya madhara. Ndiyo maana ubongo, ambao ndio mlaji mkuu asiyevumilia njaa, huanza kudhurika baada ya dakika nne hadi sita tangu oksijeni ikome kuufikia.

Hesabu hii yaonyesha pia jinsi akiba inavyoweza kuongezwa. Mgonjwa akivutishwa oksijeni tupu kwa dakika tatu hivi, naitrojeni iliyokuwamo mapafuni hufukuzwa, na nafasi yake huchukuliwa na oksijeni. Akiba ya theluthi moja ya lita hugeuka kuwa zaidi ya lita mbili. Mtu mwenye afya aliyeandaliwa hivyo aweza kusimama bila ya kupumua kwa dakika nane hivi kabla oksijeni ya damu yake haijashuka kiasi cha kutisha. Lakini mgonjwa mahututi si mtu mwenye afya. Mapafu yaliyojaa maji hayana nafasi ya kuweka akiba, homa kali huongeza matumizi, na mama mjamzito huwa na akiba ndogo na matumizi makubwa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo daktari au muuguzi atoaye oksijeni kabla mgonjwa hajainuliwa kitandani hachelewi; anaweka akiba ya safari.

Njia kabla ya hewa

Oksijeni haina faida ikiwa njia ya kupitia imefungwa. Mtu aliye macho huilinda njia yake bila ya kujua: misuli ya taya na ulimi hukaa imekazika kidogo, na kitu kigeni kikigusa zoloto, yeye hukohoa. Fahamu zikipotea, misuli hiyo hulegea. Ulimi pamoja na nyama laini za koo huanguka nyuma, na matapishi au damu yaweza kushuka mapafuni pasipo kikohozi chochote.

Katika miaka ya mwisho ya 1950, daktari wa nusukaputi Peter Safar, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore nchini Marekani, aliwachunguza watu waliojitolea kulazwa kwa dawa na kulegezwa misuli. Aliona kwamba njia za zamani za kuwasaidia waliozama majini, yaani kubonyeza mgongo na kuinua mikono, hazikuingiza hewa ya kutosha, kwa sababu koo lilikuwa limezibwa. Lakini kichwa kilipoinamishwa nyuma na taya kuinuliwa, njia ilifunguka, na pumzi ya mwokoaji iliyopulizwa mdomoni ilimtosheleza mgonjwa. Jambo hilo halina muujiza. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na pumzi inayotoka kwa mtu mzima bado ina kiasi cha asilimia 16. Kilichohitajika kuliko vyote kilikuwa ni kufungua mlango.

Katika Afrika ya Mashariki mlango huo hufungwa mara nyingi kwa mikono yenye huruma. Mgonjwa aliyezimia huketishwa katika kiti cha nyuma cha gari kati ya ndugu wawili, kichwa kikiinamia kifua; au hulazwa chali katika sakafu ya gari, na mto ukawekwa chini ya kichwa ili apate raha. Kwa mkao wa kwanza na hata kwa huo wa pili, shingo hupindika kuelekea mbele na njia ya hewa hubanwa. Aliyepatwa na kifafa hutiwa kijiko kati ya meno, nacho chaweza kuvunja jino au kumziba koo, wala hakizuii ulimi kuanguka. Ndugu hao hawana kosa la nia. Hawakufundishwa, na huenda baadhi yao waliwahi kuchora mapafu katika daftari na kupata alama nzuri.

Watu wa kawaida waweza kujifunza

Je, ulinzi wa pumzi ni jambo la wataalamu peke yao? Historia yatoa jibu. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, hadi miaka ya 1960 wagonjwa wengi walichukuliwa kwa magari ya polisi, na askari wote wawili walikaa mbele huku mgonjwa akiwa nyuma peke yake. Mwezi Novemba 1966 David Lawrence, aliyekuwa zamani gavana wa Pennsylvania, alianguka mkutanoni mjini humo akachukuliwa kwa gari la namna hiyo. Alifika hospitalini, lakini ubongo wake ulikuwa umekosa oksijeni kwa muda mrefu, naye alikufa baadaye mwezi huohuo. Gari lilimfikisha; pumzi haikufika pamoja naye.

Safar, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Pittsburgh, alisaidia kuanzisha mwaka 1967 huduma ya magari ya wagonjwa iliyoitwa Freedom House. Watumishi wake walikuwa Wamarekani weusi wa mtaa wa Hill District. Wengi wao hawakuwa na kazi, na baadhi hawakumaliza shule. Walipewa mafunzo ya saa zipatazo 300, wakajifunza kufungua njia ya hewa, kupuliza hewa kwa mfuko wa mkono na, baadaye, hata kuingiza mrija katika koo la hewa. Huduma hiyo iliendelea mpaka 1975, mji ulipoanzisha huduma yake wenyewe. Mfano wake ulitumika katika kuandaa mafunzo ya kazi hiyo nchini Marekani kote. Waliodhaniwa kuwa hawafai kufundishwa ndio waliofundisha wengine kwa mfano wao.

Hewa kuingia si mwisho wa habari

Mwanafunzi hufundishwa kwamba mapafu yana kazi mbili: kuingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi. Katika mazungumzo ya watu wengi kazi ya pili husahauliwa, na usahaulifu huo umepata kugharimu maisha.

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulishambuliwa na ugonjwa wa polio. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliopooza misuli ya kupumulia au ya kumezea, 27 walikufa. Hospitali ya Blegdam iliyowapokea ilikuwa na mashine saba tu za kuwasaidia kupumua. Vipimo vya damu vilionyesha kiasi kikubwa cha kabonidayoksaidi kwa jumla, na madaktari wakafikiri kwamba damu hiyo ilikuwa na ualikali uliozidi. Daktari wa nusukaputi Bjørn Ibsen alifasiri vingine: wagonjwa walikuwa wanashindwa kutoa kabonidayoksaidi, hata kama rangi yao haikuwa mbaya kwa sababu ya oksijeni waliyopewa. Mwezi Agosti mwaka huo alimfungulia mgonjwa mmoja tundu katika koo la hewa, akaweka mrija, na kumpulizia hewa kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Mgonjwa alipata nafuu mbele ya macho yao. Baadaye wanafunzi wapatao 1,500 waliitwa kuminya mifuko hiyo kwa zamu, usiku na mchana, kwa majuma mengi. Vifo vilipungua hata vikafika kiasi cha robo ya wagonjwa wa namna hiyo.

Hesabu ndogo yaweza kumwonyesha mwanafunzi kiini cha funzo hilo. Katika kila pumzi, mililita 150 hivi za hewa hubaki katika pua, koo na matawi ya koo la hewa. Hazifiki katika vifuko vidogo ambamo damu hubadilishana hewa. Chukua watu wawili. Wa kwanza hupumua mara 12 kwa dakika, kila pumzi mililita 500. Wa pili hupumua mara 30, kila pumzi mililita 200. Wote wawili huvuta mililita 6,000 kwa dakika. Lakini hewa inayofika mahali pa kazi ni mililita 350 mara 12 kwa yule wa kwanza, yaani 4,200. Na kwa wa pili ni mililita 50 mara 30, yaani 1,500 tu. Mtazamaji asiyejua atasema kwamba wa pili anapumua sana. Kweli ni kwamba anakaribia kushindwa.

Siku hizi kipimo kidogo cha kubana kidoleni huonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Kanuni yake ilitangazwa mwaka 1974 na mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani, na kimeokoa watu wengi. Hata hivyo hakionyeshi kabonidayoksaidi. Mgonjwa anayepewa oksijeni aweza kuonyesha tarakimu nzuri huku akilemewa na usingizi wa kabonidayoksaidi, kama wale wa Copenhagen. Aidha, uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kipimo hicho kilificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa nchi za Afrika habari hiyo si ya kupuuzwa. Kipimo ni msaidizi. Hakiondoi wajibu wa kutazama kifua kinavyoinuka na kuhesabu pumzi.

Yanayobadilika safarini

Wodini mambo hutulia. Safarini kila kitu hutikisika. Mrija uliowekwa vizuri katika koo la hewa waweza kuteleza gari liingiapo shimoni, ukatoka au ukaingia katika umio, yaani njia ya chakula. Hapo hewa hujaza tumbo badala ya mapafu. Kelele za injini humzuia mhudumu asisikie hewa kifuani. Kwa sababu hiyo alama ya kuaminika zaidi ni kabonidayoksaidi katika pumzi itokayo. Tumbo halitoi hewa hiyo pumzi baada ya pumzi. Mapafu yenye damu inayozunguka huitoa. Chombo cha kuipima kingefaa kuhesabiwa kuwa sehemu ya gari la wagonjwa mahututi, kama yalivyo magurudumu.

Kisha kuna hesabu ya mtungi. Mtungi wenye ujazo wa lita 5, uliojazwa kwa kanieneo mara 136 ya ile ya hewa ya kawaida, hutoa lita 680 hivi za oksijeni. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, mtungi huo utakwisha baada ya dakika 68. Tuseme hospitali ya rufani iko umbali wa kilomita 120, na barabara huruhusu kilomita 40 kwa saa. Safari ni ya dakika 180, nayo yahitaji lita 1,800. Mtungi mmoja hautoshi, na miwili haitoshi. Mitatu itatosha kama gurudumu halikupasuka. Mwenye busara huchukua zaidi. Hesabu hii ni ya kuzidisha na kugawanya tu, lakini isipofanywa kabla ya kuondoka, hufanywa na kifo njiani.

Kwa ndege, fizikia huingia zaidi. Tangu 1957, madaktari wanaoruka wa shirika la AMREF, lililoanzishwa Kenya, wamefikisha huduma katika sehemu za mbali za Afrika ya Mashariki, na uchukuzi wa wagonjwa kwa ndege umekuwa sehemu ya kazi hiyo. Hata ndege ambayo ndani yake hewa hushindiliwa yaweza kuwa na kanieneo sawa na ile ya mlima wa mita 2,400, yaani milimita 565 hivi za zebaki badala ya 760. Oksijeni bado ni asilimia 21, lakini sehemu yake ya kanieneo hushuka kutoka milimita 160 hadi 118 au 119. Kwa kanuni ya Boyle, lita moja ya hewa iliyofungiwa itatanuka kuwa lita moja na theluthi. Hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua baada ya ajali itatanuka hivyohivyo na kulibana pafu. Kwa hiyo yapasa itolewe kabla ndege haijaruka. Mwalimu atafutaye sababu ya kufundisha kanuni ya Boyle hatapata iliyo nzuri kuliko hiyo.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba kuchelewa ni hatari, na kwamba mama anayevuja damu baada ya kujifungua hataponywa na mkao wa kichwa. Ni kweli. Damu inayovuja ndani huhitaji chumba cha upasuaji, na hapo kila dakika ina thamani. Lakini kumgeuza mtu ubavu na kuinua taya yake ni kazi ya sekunde chache, na kazi hiyo huendelea huku gari likienda. Kinachopingwa hapa ni mwendo usio na mlinzi wa pumzi, wala si mwendo wenyewe.

Wengine wataogopa kwamba kijana asiye mtaalamu ataumiza shingo ya aliyepata ajali. Tahadhari hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu hufundishwa kuisukuma taya mbele kwa vidole bila ya kukiinamisha kichwa. Hata hivyo mpangilio wa mambo usigeuzwe: shingo iliyolindwa ya mtu aliyekwisha kukosa pumzi haimfai kitu.

Kazi ya shule

Nchini Tanzania mpango wa m-mama, unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura, hutumia pia madereva wa magari ya kawaida mahali ambapo gari la wagonjwa halipatikani. Yaani mtu wa kwanza kukaa karibu na mama aliyetoka katika kifafa cha mimba aweza kuwa dereva, shangazi au mdogo wake mwenye umri wa miaka kumi na sita. Mama huyo, akiwa anapumua, apaswa kulazwa kwa ubavu wa kushoto: ulimi na matapishi visimzibe koo, na uzito wa mimba usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Nani atamfundisha kijana huyo, kama si shule aliyomo?

Shule haihitaji mashine. Vipindi viwili vyatosha kuanzia. Katika kipindi cha kwanza kila mwanafunzi ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika nzima, apime pumzi yake kwa chupa iliyofunikwa juu ya maji, kisha afanye hesabu ya vifuko vya hewa na ile ya mtungi. Katika kipindi cha pili wanafunzi wajizoeze wawili wawili: kutazama, kusikiliza na kuhisi pumzi kwa muda usiozidi sekunde kumi, kuinamisha kichwa na kuinua kidevu, kumgeuza ubavu aliyezimia lakini anapumua, na kujua kwamba asiyepumua apaswa kuitiwa msaada upesi na kuanza kubonyezwa kifua. Kila mmoja aifanye kazi hiyo mpaka mikono yake iijue.

Mitihani nayo yafaa ifuate njia hiyo. Swali la kuchora mapafu na kutaja sehemu zake lisiondolewe, lakini liongezewe jingine: mgonjwa amezimia, anapumua kwa kukoroma, na gari limefika mlangoni, eleza litakalofanywa kabla mlango wa gari haujafungwa, na utoe sababu. Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo kwa maneno, na kwa mikono, ndiye aliyejifunza somo la upumuaji.